Tajiri wa Pembe na Jumba la Mizingani



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya tajiri mmoja wa zamani, aliyetumia sehemu ya mali yake kuwapa mafundi kazi iliyo bora. Huenda baadhi yenu, hasa ninyi mnaokaa Handeni na Korogwe na katika vijiji vilivyo kandokando ya mto Ruvu, mtasema, "Habari za matajiri wa Unguja zatuhusu nini sisi wakulima wa mahindi?" Nawaomba mnivumilie kidogo, kwa maana tutasafiri mbali, lakini kabla hatujamaliza tutajikuta tumerudi papa hapa, kwenye njia ile ile tunayoipita tukienda sokoni.

Habari hii ilianza hivi. Wakati wa likizo nilifuatana na wanafunzi kumi na wawili wa chuo chetu cha ualimu kwenda kuutazama mji wa Unguja. Pamoja nasi tulimchukua fundi seremala mmoja, mzee wa Handeni, ambaye huja chuoni siku mbili kila juma kuwafundisha vijana kazi ya mbao. Mzee huyu alikuwa hajapata kuvuka bahari tangu kuzaliwa kwake. Tulipofika mjini tukatembea katika njia ya Mizingani, ile inayokabili bandari, hata tukafika mbele ya jumba kubwa la ghorofa, lenye roshani za mbao zilizotiwa nakshi kama kitambaa cha lasi. Vijana walitazama kitambo, wakapiga picha zao, kisha wakaanza kuulizana mahali panapouzwa urojo. Mzee hakuondoka. Alisimama kofia mkononi, akitazama juu hata nikaogopa shingo itamwuma. Halafu akanigeukia, akasema, "Mwalimu, nani aliyelipa?"

Nakiri ya kuwa swali lile lilinishangaza. Mimi ningaliuliza nani aliyechonga, au jumba lilijengwa mwaka gani. Ndiyo maswali ya walimu. Nikamwambia, "Mzee wangu, mbona waanza na fedha?" Akajibu, "Kuchonga mtu aweza kujifunza. Lakini mtu wa kukuambia, chukua muda wako, fanya uwezavyo, ujira wako upo, huyo ni shida kumpata. Mimi nimeshika patasi miaka arobaini. Nimetengeneza madawati, na vitanda, na majeneza mengi. Mtu wa namna hiyo sijamwona bado."

Basi tuliketi kivulini ng'ambo ya njia, nikamweleza yale niliyoyasoma, nami nitawaelezeni ninyi vivyo hivyo.

Aliyelipa aliitwa Tharia Topan. Alizaliwa mwaka 1823 huko Lakhpat, katika nchi ya Kutch, Bara Hindi. Watu wake walikuwa Waismailia, nao hawakuwa matajiri. Alikuja Unguja angali kijana mdogo, na inasimuliwa ya kuwa alijificha chomboni bila ya nauli. Lakini masimulizi ya namna hii husemwa juu ya matajiri wengi, nami siyategemei sana. Lililo hakika ni kwamba alipata kazi katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokuwa ikikodi forodha ya Sultani.

Hapa yafaa nieleze kidogo maana ya kukodi forodha, kwa sababu vijana wengi hudhani Sultani alikuwa na makarani wake wa kutoza ushuru kama serikali zifanyavyo siku hizi. Sivyo. Sultani alikubaliana na tajiri mmoja kwa muda wa miaka kadha. Tajiri akamlipa Sultani fedha maalum kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Naye akatoza ushuru wa bidhaa zote zilizoingia na kutoka, na kila kilichozidi kikawa chake. Kwa hiyo mwenye kukodi forodha alijua kila pembe, kila gunia la karafuu, kila mtumba wa nguo. Mwaka 1876 kazi hiyo ilimwangukia Tharia Topan mwenyewe.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwa mtu mkubwa. Henry Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alimtaja katika kitabu chake miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji. Sultani Barghash aliposafiri kwenda Uingereza mwaka 1875, Tharia alikuwa katika msafara wake. Naye Hamed bin Muhammed, mtu maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, anaeleza jinsi alivyochukua bidhaa kwa Tharia Topan kwa mkopo ili aende bara. Ndivyo biashara ile ilivyokwenda. Tajiri wa Unguja hakuenda porini. Alitoa merikani na shanga na masango, akaandika daftarini, akangoja. Na mwenye msafara akaenda, akakaa mwaka, au miwili, au mitatu, akarudi na pembe. Akifa njiani, tajiri alipata hasara. Akirudi salama, faida ilikuwa kubwa mno, maana pembe zetu zilitakiwa sana Ulaya, na Bara Hindi, na hasa Marekani. Huko Marekani zilikatwa vipande vyembamba, vikawa vibao vyeupe vya kupigia piano, na vingine vikawa vitana na mipira ya kuchezea biliadi.

Mzee aliposikia hivyo akauliza swali lake la pili, "Na pembe zenyewe zilitoka wapi?"

Nikamwambia, "Nyingine zilipita mlangoni pako."

Maana tusisahau, wasikilizaji, ya kuwa zamani kabla ya reli kufika Korogwe mwaka 1902, bonde letu la Ruvu lilikuwa njia kuu ya misafara. Pangani ilikuwa bandari ya pembe zilizotoka Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Wapagazi waliteremka kwa kufuata mto, wakapita chini ya milima ya Upare na Usambara, wakapumzika Mazinde, ambako Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amehama kutoka milimani na kukaa bondeni kusudi awe karibu na biashara na kupokea hongo ya misafara. Kisha wakapita Korogwe, wakaendelea hata pwani. Wengine walipita upande wa Uzigua. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili sabini, nao hauwekwi chini mpaka kambini. Pembe ikiwa kubwa kupita kiasi, ilifungwa mtini, wakaichukua watu wawili.

Toka Pangani, pembe haikupakiwa kwenda Ulaya moja kwa moja. Ilikuwa sharti pembe za Mrima zipelekwe kwanza Unguja, zipimwe, zitozwe ushuru. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo Tharia Topan alikuwa na forodha, kila pembe iliyopita Korogwe begani mwa mtu na kufika mizani ya Unguja, ilimwachia yeye kitu kidogo. Na vitu vidogo vingi ndivyo vilivyotundika zile roshani juu ya njia ya Mizingani.

Mmoja wa wanafunzi wetu, binti wa Handeni, alikuwa amerudi na urojo wake akawa anasikiliza. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Je, njia ile haikupita pembe tu. Ilipita na watu. Bibi yangu alitusimulia. Sasa twamsifu mtu huyu kwa nini?"

Sikumjibu upesi. Swali lake lilikuwa la haki, wala si swali la kufunikwa kwa maneno laini. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa mpaka pwani, wengine kwa nguvu, wengine kwa kujiweka rehani ili wapate chakula, wakapelekwa mpaka nchi ya Wasomali. Wajukuu wa wajukuu wao wangali wako katika bonde la mto Juba, na Kizigua chao wangali wanacho. Vita ilipowatawanya Somalia baada ya mwaka 1991, baadhi yao walikuja tena Tanzania wakiwa wakimbizi, wakapewa makao Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ambayo babu zao waliondolewa. Nadhani katika habari zote za mkoa wetu hakuna inayoshangaza zaidi ya hii.

Tharia alikuwa mtoto wakati wa njaa ile, na hapo aliposhika forodha mwaka 1876, soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu kabla, kwa mapatano ya mwaka 1873. Haya ni kweli, na tumpe haki yake. Lakini ni kweli pia ya kuwa katika nyumba ya biashara aliyokulia, ushuru wa kila kichwa cha mtumwa uliandikwa katika forodha ile ile iliyoandika pembe na karafuu. Na misafara iliyochukua mikopo kwa matajiri wa Unguja, pamoja na ile ya Tippu Tip, haikuwa misafara ya pembe peke yake. Mali ile haikuwa safi. Nilimwambia binti yule hivyo, na ninyi nawaambia hivyo.

Lakini nikamwambia na jambo jingine. Matajiri waliopata mali kwa njia ile walikuwa wengi. Wengi wao tunajua majina yao tu, na wengine hata majina hatuyajui, kwa sababu mali yao waliila, au waliipeleka kwao, au waligawana warithi. Mmoja katika wao aliita mafundi. Hili halimtoi katika lawama, ila ni jambo la kuliangalia lenyewe.

Tuliangalie basi. Mwaka 1887 Malkia Victoria alikuwa ametimiza miaka hamsini ya kutawala. Katika kuadhimisha sikukuu ile, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali ambayo alikusudia iwatibu maskini wa Unguja. Watu watasema alitaka kuwapendeza Waingereza, na hapana shaka alitaka. Raia wa Bara Hindi alikuwa chini ya ulinzi wao, naye alipata kwao cheo cha Sir. Lakini mtu anayetaka kupendeza wakubwa tu aweza kujenga nyumba ya kuta nne na kuandika jina lake juu ya mlango. Wagonjwa hawaponi upesi zaidi kwa sababu roshani ina nakshi. Tharia hakujenga hivyo. Mchoraji wa ramani ya jumba alikuwa Hashim Virjee Patel, na mafundi waliletwa kutoka Bara Hindi, watu waliozoea tangu utoto kuufanya mti utii kidole.

Laiti ningaliweza kuwaonyesheni kwa redio yale tuliyoyaona! Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba zote za kale za Unguja. Lakini mbele, kuelekea bahari, zimetokeza roshani za mbao, moja juu ya nyingine, kila ubao umetobolewa na kuchongwa hata upepo wapita na jua haliingii. Kati ya mbao kuna vioo vya rangi. Jua la jioni likipiga, sakafu ya ndani hupata madoa mekundu na ya kijani. Ukiingia, wakuta ua ulio wazi katikati, na kuuzunguka kuna kumbi za juu zenye nguzo na vizuizi vya mbao, navyo vimechongwa kwa uangalifu ule ule wa mbele. Jambo hili ndilo lililomgusa mzee wetu kuliko yote. Mpita njia hauoni ua ule. Fundi angaliweza kupunguza kazi pale, na mwenye mali angaliweza kupunguza gharama, wala hapana ambaye angalijua ila mgonjwa aliyelala. Mzee alipitisha kidole katika mfuo mmoja kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu hakuharakishwa."

Mtu asidhani ya kuwa nakshi zilianza Unguja na jumba hili. Milango ya nakshi ilikuwa fahari ya pwani nzima tangu zamani, Lamu, na Mombasa, na Pangani kwetu pia. Mwenye nyumba alijulikana kwa mlango wake, kwa miimo yake, na mfaa wake wa katikati, na misumari yake ya shaba. Milango ya kale zaidi ilikuwa na kizingiti cha juu kilichonyoka. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, ikazidi ile yenye upinde juu, kwa mtindo wa Kihindi, yenye maua na majani mengi. Hayo nayo yalikuwa kazi ya fedha za wafanya biashara. Na Sultani Barghash hakuwa nyuma: ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, ndiye pia aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na kutokana na hayo taarabu ikaingia Unguja. Lakini Sultani ni Sultani. Kutukuza mji wake ni sehemu ya utawala wake. Mfanya biashara hana wajibu huo. Yeye amezoea kuuliza kila kitu kitaleta faida gani, na nakshi haina faida inayoandikika daftarini.

Wala jambo hili si la Unguja peke yake. Katika mji wa Florence, nchi ya Italia, aliishi zamani Cosimo de' Medici, aliyezaliwa mwaka 1389 na kufa mwaka 1464, naye alikuwa mwenye benki. Inasimuliwa ya kuwa moyo ulimsuta kwa ajili ya riba aliyokula, ndipo akatoa fedha nyingi kuijenga upya nyumba ya watawa ya San Marco. Fundi wa majengo alikuwa Michelozzo, na mtawa mmoja aitwaye Fra Angelico akachora picha katika kuta za vyumba vidogo vya watawa, kila chumba picha yake, mahali ambapo mtu mmoja tu angeitazama akisali. Nilimsimulia mzee habari hiyo. Akasema matajiri wa kule nao, inaelekea, walikuwa na hesabu za kutengeneza na Mungu.

Turudi Unguja. Sehemu ya habari inayonihuzunisha, tena isiyosemwa mara nyingi, ni hii: Tharia hakuliona jumba lake likiisha. Alirudi Bara Hindi, akafa mwaka 1891, na jumba lilikuwa bado halijakwisha. Katika nchi nyingi kazi ingalikomea hapo. Twajua sote jinsi nyumba ya marehemu inavyobaki na kuta bila paa, warithi wakivutana, mbuzi wakilala ndani. Aliyeendelea kuijenga ni mjane wake, Janbai. Jumba likakamilika mwaka 1894. Kwa maoni yangu, tukitafuta mlezi wa mafundi katika habari hii, tumhesabu bibi huyu kabla ya mumewe, kwa sababu mume alianza katika siku za fahari, na sherehe, na wakubwa wamesimama. Mke alimaliza katika siku za kilio, bila sherehe yo yote kumsukuma. Vitabu vingi vinampa mstari mmoja tu.

Hata hivyo jumba halikupata kuwa hospitali kama lilivyokusudiwa. Mwaka 1900 liliuzwa, likanunuliwa kwa mali ya tajiri mwingine wa Kihindi, na sehemu ya chini ikawa zahanati ya kuwasaidia watu, na juu wakakaa wapangaji. Ndiyo sababu mpaka leo watu huliita Zahanati ya Kale. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 likawa mikononi mwa serikali, likaharibika kidogo kidogo. Mvua ikaingia, mbao zikaoza. Katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan linaloshughulika na utamaduni likalitengeneza upya, na mafundi wa Unguja wakajifunza katika kazi ile jinsi ya kurudisha ubao uliooza bila kuharibu ule uliobaki. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kutunza si kazi ndogo: Beit al-Ajaib, iliyo hatua chache tu kutoka pale, ilianguka sehemu yake mwezi wa Desemba 2020.

Majina ya wachongaji wa zile roshani hayakuandikwa ukutani. Jina la mwenye mali lipo, la mchoraji wa ramani lipo. Mzee wetu hakuona ajabu. Alisema yeye hutia alama ndogo ya patasi chini ya kila dawati alitengenezalo, mahali asipotazama mtu, na hata wanafunzi wanaoyakalia madawati hayo hawajui. Vijana walipanga kuyapindua madawati yote siku watakaporudi chuoni, nao walifanya hivyo, tukapoteza somo zima la hesabu.

Sasa niwaambieni kwa nini niliona yafaa kuyasema haya kwa redio. Miaka michache iliyopita, mahali fulani katika wilaya zetu hizi mbili, shule moja ilijenga ukumbi mpya. Mzee huyu alijitolea kuwachongea mlango wa mninga wenye nakshi, kwa bei ya mbao na ujira mdogo. Alitaka miezi minne. Kamati ya ujenzi ilikaa, nami nilikuwa mmoja wao, na tukaona miezi minne ni mingi, na mlango wa chuma ulio tayari dukani ni rahisi zaidi, tena hauliwi na mchwa. Hesabu yetu ilikuwa sahihi kabisa. Mlango wa chuma ulifika kwa lori baada ya siku tatu. Umekwisha kushika kutu upande wa chini, na ukifungwa kwa upepo hulia hata mwalimu aliye ndani hunyamaza. Mzee hakutulaumu. Alikwenda kutengeneza majeneza.

Katika nchi ya Handeni kuna mninga na mpingo, miti ambayo watu wa mbali huinunua kwa bei kubwa. Huondoka kwa magari ikiwa magogo, kama vile pembe zilivyoondoka zamani zikiwa pembe. Wafanya biashara tunao, wengine matajiri kweli: wa mahindi, wa machungwa, wa mbao, wa magari ya abiria. Nimekwenda harusini kwao, nikaona fedha ikimwagwa kwa usiku mmoja ambayo ingaliweza kumpa fundi kazi ya mwaka. Siwalaumu kwa harusi. Nami nakiri, nimekula pilau yao. Nasema tu ya kuwa mimi ni mwanakamati, mshahara wangu ni wa mwalimu, nikadhani kuita fundi ni kazi ya matajiri peke yao, na yule mzee alipouliza "Nani aliyelipa?" nilihisi ya kuwa ananiuliza mimi.

Tuliporudi Korogwe, wanafunzi wale kumi na wawili walifanya shauri bila kunishirikisha. Kila mmoja alitoa bei ya kuku mmoja. Walimu wakaongeza, wengine kwa moyo, wengine kwa aibu ya kuonekana wachoyo mbele ya wanafunzi. Mfanya biashara mmoja wa mahindi, aliyesikia habari hii sokoni, akaleta mbao mbili za mninga mkavu, tena hakutaka jina lake litajwe, kwa hiyo silitaji. Tukamwendea mzee, tukamwambia tunataka mlango wa maktaba ya chuo, na kwamba achukue muda wake.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama tumesema kweli juu ya muda.

Ameanza na kizingiti cha juu. Nilidhani atachonga yale maua ya Kihindi tuliyoyaona Mizingani, maana aliyatazama sana, lakini sivyo. Amechora mto, na kando ya mto anapita mtu aliyebeba pembe begani, na nyuma yake mwingine, na mwingine, mpaka mwisho wa ubao. Vijana wawili wanamsaidia, mmoja wao ni yule binti wa Handeni, ambaye amekwisha kujikata kidole mara mbili. Juma lililopita nilipita pale karakana nikamwuliza, "Mzee wangu, kizingiti kitakwisha lini?" Hakunijibu. Aliinua patasi tu, akanitazama, akangoja niondoke.

Basi niliondoka. Wasikilizaji wangu, usiku mwema.